Kitambaa cha Mbung'o

Mama yangu hakuweza kukiacha kitu kifanye kazi ambayo kilitengenezewa. Ilimkera. Spoku ya baiskeli kwake ilikuwa sindano ya kufumia. Utepe wa kaseti iliyoharibika ulizungushwa kwenye shamba la mtama, upepo ukiupiga unalia, na ndege wanakwenda kumsumbua jirani. Baba aliwahi kuvunjika mguu, akapewa picha ya eksirei aende nayo nyumbani, na kabla hajatupa mkongojo picha ile ilikuwa tayari kioo cha dirisha la jikoni. Kila asubuhi jua lilipopita pale tulikunywa chai tukiangalia mifupa ya mwenye nyumba. Baba alisema si heshima. Mama alisema mvua haingii.

Mimi nilikuwa mtoto wa hasira za karibu na sikupenda kwenda shuleni na mfuko uliokuwa gunia la mbolea. Nikilalamika, alinionyesha gorogoro. Lile ni kopo la mafuta ya kupikia, lilizaliwa kwa mafuta na si kitu kingine. Lakini nenda soko lolote, uanzie Homa Bay ufike Migori, utakuta mahindi yanapimwa kwa gorogoro, maharagwe yanapimwa kwa gorogoro, na watu wanagombana kwa sababu gorogoro ya fulani imebonyea. Hakuna anayekumbuka mafuta.

"Kitu haijui ilitengenezewa nini," mama alisema. "Ni wewe unaiambia."

Niliamini maneno hayo mpaka nilipokuwa darasa la saba, katika ile miaka ya tisini, kitambaa cha bluu kilipokuja nyumbani kwetu na kuonyesha kwamba chenyewe kilijua vizuri sana.

Tuliishi bonde la Lambwe, upande unaopakana na kichaka cha mbuga, karibu na mto tuliokuwa tukinywesha ng'ombe. Tatizo la kwetu lilikuwa mbung'o. Asiyemjua, ni nzi mkubwa kidogo kuliko wa jikoni, akitua anakunja mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Anauma kupitia nguo, na anauma vibaya, kama mtu amekuchoma na sindano iliyotoka jikoni. Ng'ombe akiumwa na mwenye ugonjwa anakonda, manyoya yanamsimama, mwisho anaanguka. Mtu naye anaweza kupata malale, ule ugonjwa wa usingizi. Kabla ya miaka hiyo malale ilikuwa imechukua watu bondeni, na wazee walilitaja neno lenyewe kwa sauti ya chini, hata mchana.

Basi serikali ikatuletea mtu wa mbung'o. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye buti za mpira na baiskeli, na mdomo wake haukupumzika. Kazi yake ilikuwa kuweka mitego kando ya mto. Mtego wenyewe ulikuwa kama hema dogo lililoning'inizwa kwenye kijiti: kitambaa cha bluu kwa nje, cheusi kwa ndani, na juu chandarua cheupe kilichoishia kwenye mfuko wa plastiki. Chini yake aliweka chupa mbili, moja ya mkojo wa ng'ombe na nyingine ya asetoni, ile dawa inayonuka kali mpaka machozi yanakutoka. Nzi anaingia, anapanda juu, anashindwa kutoka, anakufa. Mitego ilifanya kazi. Ng'ombe wetu walinenepa tukasahau mbavu zao zilikuwa wapi.

Mitego ilihitaji kushonwa, na cherehani ya karibu ilikuwa ya mama. Alishona mitego msimu mzima, nyumba ikajaa bluu na nyeusi, tukawa tunakula juu ya bluu na kulalia nyeusi. Kazi ilipoisha vilibaki vipande vikubwa. Mtu wa mbung'o alipanda baiskeli yake akasema, "Mama, hivyo vilivyobaki tumia unavyotaka."

Kumwambia mama yangu atumie kitu anavyotaka ni kumfungulia ng'ombe lango la shamba. Chandarua kikawa kichujio cha chai, kifuniko cha maziwa, na kitanda cha kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani. Asetoni kidogo aliyoachiwa ikawa ya kutolea madoa ya oili ya cherehani. Vipande vyeusi vikawa viraka. Bluu ile aliiweka sandukuni. Ilikuwa nzuri, haichuji, na alisema anaiwekea siku kubwa.

Siku kubwa ililetwa na shangazi yangu.

Huyu alikuwa kitinda mimba kwao, dada wa mwisho wa baba, na sisi tulimwita waya, kama Wajaluo wanavyomwita dada ya baba. Wazazi wao walikuwa wamefariki, kwa hiyo alikaa kwetu. Alikuwa amekwenda mjini Migori kujifunza kupiga taipu, akarudi anajua taipu na anampenda fundi wa baiskeli. Fundi alikuwa Mkuria, kijana mpole mwenye vidole vyenye grisi. Mara ya kwanza alipokuja kututembelea alikuta mkanda wa cherehani umekatika, akakata tyubu kuukuu ya baiskeli, akaifunga pale, cherehani ikalia. Mama alimwangalia kama aliyemwona malaika. Kuanzia hapo, upande wetu, neno lilikuwa limekwisha.

Upande wao lilikuwa halijaanza. Baba wa kijana alishafariki, na aliyelea kundi la ng'ombe kwa miaka yote iliyofuata ni mama yake. Ndugu za marehemu hawakuthubutu kuhamisha hata ndama bila yeye kutikisa kichwa. Mama huyu alimtuma mwanawe na ujumbe ambao shangazi aliurudia mpaka tukaujua kwa moyo: "Msichana sina neno na yeye. Neno yangu ni ng'ombe. Ng'ombe yangu haiendi kufia kwa mbung'o."

Na bila ng'ombe hakuna ndoa. Wajaluo na Wakuria hawakuwa wakikubaliana mambo mengi siku hizo, lakini hilo walikubaliana. Baba alijaribu. Alipendekeza ng'ombe wa mahari wakakae kwa binamu yake kule Asumbi, ambako hakuna mbung'o. Jibu lilikuja haraka: mama yule hajawahi kusikia ng'ombe wa mahari wakipelekwa shule ya bweni. Atakuja mwenyewe aone mahali watakapolala na mahali watakapokunywa. Akiridhika, watakuja. Asiporidhika, mwanawe atafute msichana anayetoka mahali pazuri.

Shangazi alikonda mwezi huo. Alikuwa amefika umri ambao watu wanaanza kukuuliza maswali hata msibani, na alikuwa anampenda yule fundi kweli. Nilimwona akiinusa barua yake, nayo ilinuka grisi. Nilimwonea huruma, ingawa nilikuwa pia nimekasirika, kwa sababu alinifulisha mapazia mara tatu.

Mama akafungua sanduku. Sisi wasichana wa kumhudumia mgeni tulikuwa watatu, mimi na binamu zangu mapacha wa miaka tisa, na alitushonea magauni matatu yanayofanana: bluu yote, kola nyeusi, mkanda mweusi, marinda manne mbele. Sijawahi kuwa na nguo nzuri kama ile. Nilipoivaa nilizunguka mpaka nikagonga meza.

Msomaji atauliza kama hatukujua. Hatukujua. Tuliamini kwamba kinachowaita mbung'o ni zile chupa, maana ndizo zilizonuka. Bluu tulidhani ni rangi ya serikali tu. Mlango wa zahanati ulikuwa bluu, sketi za shule zilikuwa bluu, pikipiki ya chifu ilikuwa bluu. Serikali ikitengeneza mtego, ungekuwa na rangi gani nyingine?

Ijumaa jioni shangazi alitupanga mstari uani.

"Kesho hapa hakuna nzi," alisema. "Ukiona nzi, hujaona. Akikuuma, hajakuuma. Mtu asipige kofi, asijikune, asiruke. Huyo mama akiona mtoto mmoja anajipiga, mimi nimekwisha. Mnanisikia?"

"Na akiniuma kwa jicho, waya?" nikauliza.

"Funga jicho."

Jumamosi asubuhi tulikamua, kisha tukakandika sakafu yote upya kwa samadi mbichi ili nyumba inukie usafi. Halafu mapacha wakafanya ujinga. Shangazi alikuwa na rangi ya kucha aliyotoka nayo Migori, na mapacha wakaipata, wakapaka kucha zao na zangu, nyekundu kabisa. Mama alitukamata wakati pikapu ya wageni tayari inasikika kilimani. "Mtu wa ng'ombe aone hizo kucha?" akasema. "Atasema hapa hakuna anayekamua!" Akachukua asetoni, akatusugua vidole vyote thelathini kwa haraka, na ile iliyobaki ikamwagika kwenye marinda yangu.

Sasa tutazame. Wasichana watatu, wamevaa bluu na nyeusi, wananuka ng'ombe na asetoni. Wanasayansi wa mbung'o wamesoma miaka mingi wapate mchanganyiko ule. Sisi tuliupata kabla ya saa tano asubuhi, kwa upendo.

Mgeni alishuka kwenye pikapu na mwanawe na shemeji yake, mzee mmoja mkimya ambaye nadhani aliletwa ili awe shahidi. Mgeni mwenyewe alikuwa mrefu, amejifunga shuka, na hakuwa na haraka ya kucheka. Baba alimkaribisha kiti chini ya turubai. Hakukaa.

"Ng'ombe iko wapi?" akauliza. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu.

Akapelekwa zizini. Sijawahi kuona mtu akimwangalia ng'ombe vile. Alifunua kope, akatazama ndani. Alishika fizi. Aliingiza vidole mbele ya bega akitafuta uvimbe, akavuta ngozi akaiachia, akanusa pumzi. Ng'ombe wetu, ambao hawakuwa na adabu kwa mtu yeyote, walisimama wakamwachia. Alipotoka alisema, "Ng'ombe iko sawa," na shangazi, aliyekuwa nyuma yangu, akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Wanakunywa wapi?"

Hapo ndipo mama yangu alipotaka kuongeza heshima. Alituamuru watoto tutangulie kumwonyesha mgeni njia, mstari mmoja, magauni yaonekane. Tukatangulia. Tulipita kwenye kichaka tukitembea kwa madaha, marinda yakipepea, mpaka mtoni. Mtego wa pale ulikuwa umesimama na nzi wachache sana kwenye mfuko wake. Mgeni aliukagua, akauchezea kwa kidole, akatazama maji, akaridhika. Kisha tukarudi kwa njia ileile, na hatukurudi peke yetu.

Wa kwanza aliniuma begani tulipotoka kichakani. Nilitaka kulia lakini nikakumbuka niliyoambiwa. Wa pili akanipata mgongoni, pale ambapo mkono haufiki hata ukiruhusiwa. Nikatazama mapacha waliokuwa mbele yangu, nikaona kwenye gauni la mmoja wao mikasi midogo sita imefungwa, imetulia. Naye alikuwa anatabasamu, machozi yanamtiririka.

Niseme mapema kwamba wiki iliyofuata tulitobolewa vidole tukapimwa damu, na baadaye tena, na hakuna aliyeugua. Sitaki kuonewa huruma bure. Huruma nilistahili siku ile ile.

Tulifika uani, wageni wakakaa chini ya turubai, na sisi tukasimama kando na birika la maji, beseni na taulo, tayari kwa kuosha mikono. Nzi wakakaa nasi. Ajabu ni kwamba hawakumgusa mtu mwingine. Mgeni alikaa na shuka lake jekundu bila nzi hata mmoja. Baba, hakuna. Ng'ombe zizini walicheua wakitutazama. Sisi tuliumwa mikononi, shingoni, na mimi zaidi ya wenzangu kwenye marinda, ambapo walijipanga kama wanaosubiri duka lifunguliwe. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilisikia masikio yananguruma. Nilimchukia shangazi, nikamchukia fundi wake, nikawachukia ng'ombe wote wa Kuria. Nikatabasamu.

Shangazi alikuwa akitupitia na sahani za kuku. Alituona. Najua alituona, maana macho yetu yalikutana, na uso wake ukabadilika rangi. Akatikisa kichwa kidogo sana: bado. Akapita.

Wakati huo baiskeli ikaingia. Baba alikuwa amemwalika mtu wa mbung'o kama silaha ya mwisho, aje amhakikishie mgeni kwa kinywa cha serikali. Alifurahi kuombwa kuhutubu, alikuwa amevaa tai. Akasimama mbele ya turubai, mgongo wake kwetu.

"Mama, karibu Lambwe," akaanza. "Zamani hapa palikuwa pabaya, siwezi kukudanganya. Lakini tumepigana. Tumetumia sayansi. Leo nasimama hapa nikikwambia, mbung'o katika boma hii wamekwisha. Ukiona mmoja tu, njoo ofisini kwangu unikate sikio."

Mgeni hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama nyuma yake, akitutazama sisi. Mtu wa mbung'o akageuka kuona kinachotazamwa.

Alitukodolea macho kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Nadhani alianza na nzi, kisha akafika kwenye kitambaa. Mdomo wake, ule usiopumzika, ulipumzika.

"Mama," akamwambia mama yangu polepole, "hii nguo umeshona na nini?"

"Si ulisema nitumie?" mama akajibu. "Kitambaa chako."

"Ile bluu?"

"Ile bluu."

"Yesu wangu," akasema mtu wa mbung'o. "Bluu ndiyo inawaita! Wanaipenda bluu kuliko kitu chochote duniani! Wakiikaribia wanatafuta nyeusi watue. Kwa nini mnafikiri nililetewa rangi hizo kutoka Nairobi?" Akasogea, akanusa hewa. "Na hii ni asetoni? Mmewapaka na asetoni?" Halafu, sitamsamehe kamwe, akaanza kucheka. "Kila siku naambia gavamenti tupatieni mtego unaotembea! Wanasema haiwezekani!"

Hakuna mwingine aliyecheka. Mama yangu alikuwa ameshika mdomo, na nilijua anachofikiri. Maisha yake yote alikuwa akiviambia vitu kazi yake, na kimoja kilikuwa kimemkatalia mbele ya wageni.

Mgeni akainuka. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, kwa kuwa nilikuwa mkubwa kati ya wale watatu. Aliinama mpaka nikaona mikunjo ya macho yake.

"Umeumwa?"

"Hapana, bibi," nikasema.

"Damu inatoka kwa shingo na unasema hapana?" Akanitazama mikono yote miwili, akaona nimeshikilia birika kwa nguvu. "Kwa nini hupigi? Kila mtu anapiga nzi. Hata ng'ombe ina mkia. Nani alisema usipige?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nalo ulimini, na Mungu anisamehe, nilitaka kulitoa. Nilitazama chini.

"Ni mimi."

Shangazi aliweka sahani chini, kwenye vumbi, akaja akasimama mbele ya yule mama.

"Ni mimi nilisema wasipige," akasema. "Niliogopa ukiona nzi utarudi na ng'ombe yako. Wamenitii. Nilipita hapa nikaona wanaumwa, na bado nikawaambia wangoje."

"Uliona?"

"Niliona."

Kule mbali ndama alilia, na mzee mkimya alitazama kofia yake. Fundi wa baiskeli alikuwa amesimama nusu, hajui kama aende kwa mama yake au kwa mchumba wake, mikono yake mikubwa ikining'inia.

"Mimi nilikuja kuangalia kama ng'ombe itaumwa," mgeni akasema. "Nikaangalia ng'ombe yote. Jicho, fizi, kila kitu. Iko sawa. Sikujua natakiwa kuangalia watoto pia."

Sijawahi kusikia mtu akigombezwa kwa sauti ya chini vile. Shangazi alipiga magoti mbele yangu, akafungua mkanda wangu mweusi, akanivua gauni lile juu ya kichwa hapo hapo mbele ya watu, nikabaki na shimizi. Akafungua leso yake kiunoni akanifunika. Akawavua na mapacha, mmoja mmoja, akawafunika kwa vitambaa vya meza. Alikuwa akilia bila kujificha, akisema, "Mos, nyathina, mos," pole, mtoto wangu, pole, na hasira yangu yote ikanitoka, nikabaki nikimwonea huruma yeye. Kisha akayakusanya magauni yote matatu na nzi wake, akayatupia nyuma ya zizi kwa nguvu, akarudi akasimama palepale alipokuwa, mikono mitupu, akingoja kuambiwa aende ndani.

Mgeni alikuwa amemfuata kwa macho kila hatua.

"Wewe msichana," akasema.

"Naam, mama."

"Mimi nimekaa na ng'ombe tangu nikiwa mdogo. Unajua nini inaua ng'ombe? Si nzi. Ni mtu anaona ng'ombe imeumwa, ananyamaza, kwa sababu anaogopa mwenyewe atakasirika. Hiyo ndiyo inaua." Akamwelekezea kidole. "Kwangu, ukiona nzi, unapiga. Usiulize iko juu ya nani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Na hapo, kwa kuwa magauni yalikuwa yameondolewa na nzi waliobaki hawakuwa na pa kukaa, mmoja wao alizunguka juu yetu mara mbili, akashuka, akatua. Alitua kwenye bega la mgeni. Akakunja mabawa.

Tulimwona wote. Baba alimwona, akaacha kupumua. Mama yangu alimwona. Mtu wa mbung'o alishika sikio lake. Kwetu na kwao, msichana wa posa hamgusi mama wa mume. Anasalimia akiinama, anapita kando yake akiwa amepunguza hatua, na wengine huzaa watoto watatu kabla ya kushikana naye mkono.

Shangazi aliinua mkono akampiga.

Kofi lile lilisikika mpaka zizini. Ng'ombe mmoja aliinua kichwa. Mgeni aliyumba, akajishika bega, na kwa muda hakuna mtu aliyejua dunia imeelekea upande gani. Kisha akatazama chini, akamwona mbung'o amelala chali kwenye vumbi, akamkanyaga kwa kisigino, akamzungusha vizuri. Akamgeukia shemeji yake, yule mzee mkimya, akamwambia kwa Kiswahili ili wote tusikie:

"Huyu anaweza kuchunga."

Mzee akavaa kofia yake. Shangazi akakaa chini uani kama mtoto, akalia kwa sauti, fundi wa baiskeli akakaa kando yake bila kujali suruali yake mpya, na mimi hatimaye nikaruhusiwa kujikuna.